Mshika Mawili Mezani: Historia Fupi ya Kupima Urari wa Wahusika wa Fani Mbili

Utangulizi

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Walisema pia kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Methali hizi tunazifundisha kila mwaka katika kozi ya fasihi simulizi, nao wanafunzi huzipokea, huzinakili na kuzirudisha kwenye mtihani kama zilivyo. Ni nadra mtu kuuliza kama ni za kweli. Mwaka jana tuliulizwa, na swali hilo halikutoka darasani wala kwenye semina. Lilitoka mchezoni.

Kundi la wanafunzi wa mwaka wa pili lilikuwa limeanza kukutana Ijumaa jioni katika chumba kimojawapo cha idara kucheza Dungeons & Dragons kwa Kiswahili. Tuliwaruhusu bila kusita. Hapa Uganda, Kiswahili kwa wanafunzi wetu wengi ni lugha ya tatu au ya nne, na shida yetu ya siku zote imekuwa kuwapatia mahali pa kukisema nje ya kipindi. Mchezo huu huchezwa kwa mazungumzo. Mmoja wao ni msimamizi, ambaye husimulia mahali walipo na hatari iliyo mbele yao. Kila mmoja wa wengine ana mhusika wake, naye hueleza mhusika huyo anasema nini na anafanya nini. Panapokuwa na shaka iwapo jambo litafaulu, dadu yenye pande 20 huamua. Kwa mwalimu wa lugha, hayo ni maigizo yasiyo na mswada, na kila mchezaji analazimika kutunga sentensi zake papo hapo.

Wiki chache baadaye wawili wao walibisha hodi ofisini. "Mwalimu, tunaomba utuamulie," alisema wa kwanza. Mwenzake alikuwa ametengeneza mhusika aliye mpiganaji na mchawi kwa pamoja, na kundi lilikuwa limegawanyika. Wengine walidai anapendelewa. Yeye mwenyewe alidai kwamba ni dhaifu kuliko wote na kwamba anajuta. Tulienda kuwatazama jioni moja, tukaamua. Uamuzi wetu ulikuwa na kasoro, kama tutakavyoeleza, na ili kuielewa kasoro hiyo tulilazimika kusoma historia ya mchezo wenyewe. Makala haya ni matunda ya usomaji huo. Yanakusudia kuonyesha jinsi watunzi wa Dungeons & Dragons walivyohangaika kwa miaka hamsini na swali moja: anayeshika fani mbili alipe bei gani, na alipe lini?

Istilahi kwanza

Kabla ya kuendelea ni vyema tuelewane kuhusu maneno. Mchezo huu ulizaliwa kwa Kiingereza, na wanafunzi wetu walilazimika kuutafutia msamiati. Kila mhusika ana kazi yake inayoamua uwezo wake: mpiganaji, mchawi, kuhani, mwizi na kadhalika. Mwanzoni waliiita kazi hiyo "darasa", tafsiri sisisi iliyowachekesha wao wenyewe. Kisha wakajaribu "tabaka", neno ambalo lilileta siasa mezani. Hatimaye walikubaliana na "fani", nasi tunaitumia hapa. Neno "mchawi" lilizua ubishi mrefu zaidi, kwani katika jamii zetu mchawi hakaribishwi kwenye msafara wa mtu yeyote. Hata hivyo, hawakupata lililo bora, na limebaki. Mhusika hukusanya "alama za tajiriba" na kwa alama hizo hupanda "ngazi". Uchawi nao umepangwa kwa "daraja", kuanzia la kwanza hadi la tisa.

Neno lililotufurahisha zaidi ni "urari". Sisi walimu wa ushairi tumelizoea katika "urari wa vina na mizani". Katika mchezo, urari ni hali ambayo kila mhusika ana uzito unaokaribiana na wa wenzake, asiwepo anayewafunika wote wala anayebebwa na wote. Katika shairi hatusemi mizani imetimia kwa kuhesabu mshororo mmoja. Tunahesabu ubeti baada ya ubeti. Tunaomba msomaji aukumbuke ulinganisho huu.

Mwanzo: mapengo ya makusudi

Dungeons & Dragons ilichapishwa mwaka 1974 na kampuni changa iliyoitwa Tactical Studies Rules, ya Lake Geneva, mji mdogo katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Waandishi wake walikuwa Gary Gygax na Dave Arneson. Chapa ya kwanza ilikuwa na nakala 1,000 tu, vitabu vitatu vyembamba ndani ya boksi. Waandishi wote wawili walitoka katika michezo ya kuigiza vita kwa vinyago vya askari, ambamo mchezaji mmoja huongoza jeshi zima. Jambo jipya walilolileta ni kwamba sasa kila mchezaji aliongoza mtu mmoja, na mtu huyo aliendelea kuishi na kukua kutoka jioni moja hadi nyingine.

Fani zilikuwa tatu. Mpiganaji alivaa chuma na kushika silaha yoyote, lakini hakujua uchawi hata kidogo. Mchawi alikuwa na uchawi wa kutisha, lakini hakuvaa deraya, silaha yake ilikuwa kisu, na pigo moja lingeweza kummaliza. Kuhani alisimama katikati: alivaa deraya na kuponya majeraha, lakini alikatazwa silaha zenye makali. Ni dhahiri kuwa mapengo hayo yaliwekwa kwa makusudi. Pengo la mmoja lilikuwa kazi ya mwenzake, na msafara uliomkosa mmoja wao ulijuta.

Hata hivyo, tangu vitabu hivyo vya kwanza palikuwa na mlango wa pembeni. Elfi, yaani viumbe wa misituni wa hadithi za Ulaya, waliruhusiwa kuwa wapiganaji na wachawi. Masharti yalikuwa mawili. Elfi aliamua kabla ya safari ni fani gani angeitumia, na hakuweza kubadili katikati. Pia aliwekewa ukomo: ngazi ya 4 katika upiganaji na ya 8 katika uchawi, ilhali binadamu hakuwekewa dari. Mwaka 1975 kitabu cha nyongeza kilichoitwa Greyhawk kilileta fani ya mwizi na kupanua ruhusa ya kuchanganya fani kwa jamii zisizo za binadamu. Mlango wa pembeni ukawa mlango rasmi.

Njia mbili za mwaka 1978

Mwaka 1978 Gygax alitoa kitabu cha wachezaji cha Advanced Dungeons & Dragons, na humo njia zilitenganishwa. Jamii zisizo za binadamu zilishika fani mbili au hata tatu kwa wakati mmoja, na alama zote za tajiriba ziligawanywa sawasawa kati ya fani hizo. Binadamu alifuata njia nyingine. Aliiacha fani yake ya kwanza moja kwa moja, akaanza ya pili kutoka ngazi ya 1. Ili aruhusiwe, alihitaji alama 15 katika sifa kuu ya fani ya zamani na 17 katika ile ya fani mpya. Sifa hizo huanzia 3 na kuishia 18, na anayerusha dadu tatu za pande sita hupata 17 au zaidi mara 4 tu katika 216. Zaidi ya hayo, mpaka fani mpya iipite ile ya zamani kwa ngazi, kila alipotumia ujuzi wa zamani aliadhibiwa kwa kunyimwa tajiriba. Ni kama mwalimu mzoefu wa hisabati anayeamua kuwa mwalimu wa Kiswahili, akaambiwa arudi darasa la kwanza na asiguse kikokotoo.

Je, bei hizi zilikuwa za haki? Hapa inafaa tupige hesabu, kwa kuwa kinachosemwa na methali na kinachosemwa na jedwali si kitu kimoja. Tuchukue majedwali ya toleo la pili, la mwaka 1989. Mpiganaji mwenye alama 64,000 yuko ngazi ya 7. Mchawi mwenye alama 64,000 naye yuko ngazi ya 7. Elfi wa fani mbili mwenye alama hizohizo huzigawa, 32,000 kila upande. Upande wa upiganaji zinampeleka ngazi ya 6; upande wa uchawi, ngazi ya 5. Yaani amenyimwa nusu ya alama, lakini amepoteza ngazi moja tu huku na mbili kule. Sababu ni kwamba katika ngazi hizo majedwali hupanda takriban kwa kuzidisha mara mbili: kila ngazi hugharimu karibu sawa na zote zilizoitangulia. Kwa hiyo nusu ya alama inakuacha hatua moja au mbili tu nyuma ya wenzako. Aliyeshika mawili hakuponyokwa na lolote.

Watunzi walilijua hilo, ndiyo maana walidumisha ule ukomo wa ngazi kwa wasio binadamu. Lakini dari ilikuwa juu sana, na makundi mengi huachana kabla ya kuifikia: mmoja kahama mji, mwingine kaoa, msimamizi kachoka. Bei iliyowekwa mwisho wa safari hailipwi na msafiri anayeshuka njiani. Yule binadamu aliyebadili fani alikuwa kinyume chake kabisa: alilipa bei yote mwanzoni, na faida ingemfikia kama tu mchezo ungedumu. Kanuni mbili za kitabu kimoja zilikosea kwa pande mbili tofauti, zote kwa sababu ya wakati wa kulipa.

Mwaka 2000: soko huria

Mwaka 1997 kampuni ya Wizards of the Coast iliinunua TSR, na mwaka 2000 ikatoa toleo la tatu, lililoandikwa na Jonathan Tweet, Monte Cook na Skip Williams. Hapa mambo yalibadilika mno. Tofauti ya binadamu na wasio binadamu iliondolewa katika suala hili. Fani zote zilipewa jedwali moja la tajiriba, na kila mhusika alipopanda ngazi alichagua upya: leo ngazi ya upiganaji, kesho ya uchawi, keshokutwa ya wizi. Aliyeziacha fani zake zitofautiane sana kwa ngazi alikatwa asilimia 20 ya tajiriba, isipokuwa kwa fani inayopendelewa na jamii yake.

Uhuru huu ulizaa makosa ya aina mbili, na kwa maoni yetu hakuna kipindi chenye mafunzo mengi kuliko hiki.

Kosa la kwanza lilimwonea mshika mawili. Tuchukue wahusika watatu wa ngazi ya 10. Mpiganaji halisi ana nyongeza ya shambulio ya +10. Mchawi halisi anatumia uchawi wa daraja la tano. Aliye nusu kwa nusu, ngazi tano huku na tano kule, ana +7 katika shambulio na uchawi wa daraja la tatu. Katika upiganaji yuko nyuma kidogo, kwa kuwa nyongeza za fani mbili hujumlishwa. Katika uchawi yuko nyuma sana, kwa kuwa madaraja hayajumlishwi: ngazi tano za upiganaji hazikumsogeza hata hatua moja kuelekea uchawi wa daraja la nne. Tena ana zamu moja tu katika kila mzunguko wa mapigano. Akipiga upanga, hajatumia uchawi. Akitumia uchawi, upanga umelala alani. Ana ghala mbili lakini mlango mmoja wa kutolea. Kuhani aliye pia mchawi alikuwa na hali mbaya zaidi, na ndiyo maana mwaka 2003, toleo hilo liliporekebishwa, watunzi waliongeza fani maalumu iliyopandisha uchawi wa aina zote mbili kwa pamoja.

Kosa la pili lilimpendelea mdokozi. Kila fani ilitoa zawadi za ukaribisho katika ngazi ya kwanza, na hakuna kilichomzuia mtu kupita mlango hadi mlango akikusanya zawadi. Mfano mzuri ni kinga ya mwili dhidi ya sumu na maradhi. Mpiganaji wa ngazi ya 3 ana kinga ya +3. Lakini fani nyingi zenye kinga hiyo huanza na +2, na hizo hujumlishwa. Aliyechukua ngazi moja ya mpiganaji, moja ya mshenzi wa nyikani na moja ya mwindaji alikuwa na +6. Mwindaji mwenyewe wa mwaka 2000 alitoa ujuzi wa kupigana kwa silaha mbili katika ngazi ya kwanza kabisa, hata ikawa faida kumchukua kwa ngazi moja na kumwacha. Marekebisho ya mwaka 2003 yaliusogeza ujuzi huo hadi ngazi ya 2. Lakini zile kinga ziliendelea kujumlishwa.

Tunaona basi kwamba kanuni moja ilimdhulumu aliyegawa maisha yake kati ya fani mbili kwa moyo wote, na papo hapo ikamtajirisha aliyeonja onja. Hii ndiyo sababu swali "je, fani mbili zina urari?" halijibiki kwa ujumla. Jibu linategemea aliyechukua nini, kiasi gani, na katika ngazi ipi.

Kufunga mlango na kuufungua tena

Toleo la nne, la mwaka 2008, lilitibu maradhi hayo kwa kukaribia kufunga mlango. Mhusika alibaki na fani yake, na kwa kutumia nafasi zake chache za vipaji vya ziada aliweza kuazima ujuzi mdogomdogo kutoka fani nyingine. Mwaka 2010 kitabu cha tatu cha wachezaji kiliongeza namna ya kuunganisha nusu ya fani moja na nusu ya nyingine. Urari ulikuwa karibu zaidi kuliko kabla, lakini aliyetaka kweli kuwa watu wawili katika mwili mmoja alikuwa na nafasi finyu.

Toleo la tano, la mwaka 2014, lilirudisha uchaguzi wa kila ngazi, safari hii kama kanuni ya hiari ambayo msimamizi angeweza kuikataa. Watunzi walikuwa wamejifunza. Sharti la sifa lilishuka hadi alama 13 katika sifa kuu za fani zote mbili. Nafasi za uchawi za fani nyingi ziliunganishwa katika jedwali moja, kwa hiyo kuhani aliye pia mchawi hakupungukiwa tena na idadi ya nafasi, ingawa daraja la uchawi anaoujua lilibaki la kila fani peke yake. Ujuzi wa kupiga mara mbili katika zamu moja haukujumlishwa: aliyeupata katika fani mbili hakupiga mara tatu.

Walichofanya kwa makini zaidi ni kuweka tuzo kubwa katika ngazi ya 5. Hapo mpiganaji anaanza kupiga mara mbili, na mchawi anapata uchawi wa daraja la tatu, ukiwemo mpira wa moto unaounguza kundi zima la maadui. Mhusika mwenye ngazi mbili za upiganaji na tatu za uchawi naye yuko ngazi ya 5, lakini hana hili wala lile. Anasimama mezani akiwatazama wenzake wakisherehekea. Ukimpima siku hiyo utamhurumia. Lakini mfuate hadi ngazi ya 20, akiwa na ngazi mbili za upiganaji na 18 za uchawi. Uchawi wa daraja la tisa hupatikana katika ngazi ya 17 ya uchawi, kwa hiyo anao. Alichokosa ni zile ngazi mbili za mwisho tu. Alichopata ni deraya, na ule ujuzi wa mpiganaji wa ngazi ya 2 wa kujiongezea tendo zima katika zamu moja, ambao huutumia mara moja kisha lazima apumzike. Bei yake ilikuwa kali katikati ya safari, na karibu bure mwishoni.

Mwaka 2024, mchezo ulipotimiza miaka hamsini, kanuni hizo zilitolewa upya. Mabadiliko mawili yanahusu mada yetu. Kwanza, matawi ya fani zote sasa huchaguliwa katika ngazi ya 3, ambapo awali baadhi ya fani, kama ile ya kuhani, zilitoa tawi katika ngazi ya 1. Mdokozi wa ngazi moja hapati tena tawi zima. Pili, tendo la ziada la mpiganaji haliruhusiwi kutumika kwa uchawi. Msomaji atatambua punde kwa nini badiliko hili la pili lilitugusa.

Vipimo vinne

Kutokana na historia hii tunapendekeza vipimo vinne kwa yeyote anayetaka kuhukumu mhusika wa fani mbili.

Cha kwanza ni bei. Tuulize ameacha nini, wala tusiishie kwenye kile alichopata. Orodha ndefu ya ujuzi hudanganya jicho. Elfi wa mwaka 1989 alionekana kulipa nusu, kumbe alilipa ngazi moja au mbili.

Cha pili ni wakati wa kulipa. Mhusika apimwe katika ngazi kadhaa, hasa zile zenye tuzo kubwa, na apimwe kwa safari ambayo kundi linatazamia kuisafiri kwa kweli. Kundi litakaloishia ngazi ya 7 lisijisumbue na utukufu wa ngazi ya 20.

Cha tatu ni kama uwezo wake unajumlika au unabanana. Fani mbili zinazogombea zamu moja hubanana. Fani ambazo moja huikuza nyingine, kwa mfano inayoongeza matendo na yenye matendo makubwa ya kufanya, huzidishana.

Cha nne ni wenzake. Mapengo ya mwaka 1974 yaliwekwa ili kila mmoja awe na kazi. Tuulize, baada ya mhusika huyu kuketi, nani amebaki bila la kufanya? Kipimo hiki hakimo katika jedwali lolote, na ndicho tulichokisahau.

Turudi mezani

Jioni ile tuliyoenda kuwatazama, wahusika walikuwa ngazi ya 5, nao walitumia kitabu cha mwaka 2014. Mwanafunzi wetu alikuwa na ngazi mbili za upiganaji na tatu za uchawi, mfano uleule tulioueleza. Alipiga mara moja ilhali mpiganaji mwenzake alipiga mara mbili. Hakuwa na mpira wa moto. Tuliwaambia kwa uhakika wote kwamba hakuna upendeleo, na tukaongeza methali ya mshika mawili kama nukta ya mwisho. Yule aliyelalamika aliinamisha kichwa, akasema, "Sawa, Mwalimu."

Miezi miwili baadaye alirudi peke yake. Wahusika sasa walikuwa ngazi ya 8, na yule mwenzake alikuwa na ngazi sita za uchawi. Kwa tendo la ziada la upiganaji, alirusha mipira miwili ya moto katika zamu moja, na mara nyingi pambano liliisha kabla ya wengine kufikiwa. Mlango uliofungwa aliufungua kwa uchawi kabla mwizi hajatoa ufunguo wake bandia. Tulienda tena, safari hii tukiwa na kalamu, na badala ya kuhesabu alama tulihesabu sentensi. Kwa muda wa saa mbili yule mwenye fani mbili alizungumza bila kukoma, tena kwa Kiswahili kizuri. Mlalamikaji, aliyecheza mwizi, alisema sentensi nne. Mojawapo ilikuwa "Napita."

Hapo tulielewa tulichokuwa tumekihukumu. Tulidhani tunapima upanga na uchawi, kumbe tulikuwa tukipima nafasi ya mwanafunzi kusema. Tena tulikuwa tumempima mhusika katika ngazi moja, ileile ambayo bei yake ilionekana kali kuliko zote, sawa na msahihishaji anayetoa alama za shairi zima kwa kusoma ubeti wa tatu. Tulimwomba radhi yule mlalamikaji mbele ya kundi, kwani tulikuwa tumemnyamazisha mara mbili: mara ya kwanza kwa uamuzi, mara ya pili kwa methali.

Kundi lenyewe ndilo lililotafuta suluhu. Walikubaliana kutumia kanuni ya mwaka 2024 kuhusu tendo la ziada, na mwenye fani mbili alikubali kuacha uchawi wa milango na kujifunza mwingine. Hakuna aliyemtaka amwache mhusika wake. Wiki iliyofuata mwizi alitumia karibu robo saa kumshawishi mlinzi wa lango awaruhusu wapite, kwa hoja, utani na makosa matatu ya upatanisho wa kisarufi ambayo hakuna aliyeyajali.

Hitimisho

Historia tuliyoieleza inaonyesha kwamba methali ya mshika mawili si kanuni, ila ni onyo la kutazama bei. Mwaka 1989 moja halikumponyoka. Mwaka 2000 lilimponyoka aliyegawa sawasawa, na aliyedokoa akaondoka na mawili mkononi. Mwaka 2014 lilimponyoka katikati ya njia na kumrudia mwishoni.

Sisi walimu tunaishi na jambo hili. Mwalimu wa sekondari hapa Uganda huandaliwa kwa masomo mawili, na kila mwaka husikika wenzetu wakisema kwamba mwanafunzi wa Kiswahili na historia ni dhaifu kuliko aliyejikita katika somo moja. Pengine ni kweli katika mwaka wa pili. Je, tumempima katika mwaka wa mwisho? Na je, tumempima miaka mitano baadaye, akiwa mwalimu pekee wa Kiswahili katika shule yake? Kwa upande mwingine, kila darasa lina yule mmoja mwenye jibu la kila swali, nasi humfurahia, bila kuhesabu sentensi ambazo wenzake hawakupata nafasi ya kuzisema.

Tunawakaribisha wasomaji, hasa wanaotumia michezo na maigizo katika kufundisha mazungumzo, watuletee maoni yao kwa ajili ya toleo lijalo. Istilahi nazo bado zinahitaji kazi. Mwenye neno bora kuliko "mchawi" asilifiche.